Wamegeuza darasa, mwalimu kaacha kusomesha na bando tunalipa sisi

Asalaam alaykum jamani. Naandika nina hasira na wallahi leo asije mtu kunambia nitulie.

Semista hii somo letu la takwimu limeingizwa kwenye huu mtindo wa kugeuza darasa, yaani mhadhara unautazama nyumbani kwa video halafu darasani munakuja kufanya maswali mwalimu akiwepo. Mwanzo nilifurahi, maana takwimu huwezi kuifahamu kwa kusikiliza tu, unaifahamu kwa kukokotoa ukakosea ukasahihishwa palepale. Tulichopewa sasa? Video ya saa 1 na dakika 38, MB 740, mwalimu anasoma slaidi zilezile za mwaka jana na feni inavuma kuliko sauti yake. Bando langu la wiki liliishia dakika ya 40, hata mfano wa kwanza sijaufikia.

Jumatano tukaenda darasani, mwalimu kakaa kwenye kiti, kauliza nani katazama, ikanyanyuka mikono 7 na sisi tuko 60 na kitu. Kijana mmoja aliyetazama yote kauliza, mwalimu data ziko 25, mbona kwenye standadi divieshini (kile kipimo cha data zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani) umegawa kwa 24? Swali lile lilikuwa la kujaza ubao mzima! Nimekuja kuelezwa baadae na dada mmoja wa mwaka wa tatu, kwamba wastani wenyewe umeutoa kwenye sampuli hiyohiyo, kwa hiyo ukigawa kwa 25 mtawanyiko unatoka mdogo kuliko ulivyo kweli. Dakika tano tu kanifahamisha, kwa kalamu na karatasi. Mwalimu yeye kajibu "rudi ukatazame video". Na kwenye video hakusema kitu, kagawa tu kapita! Nusu saa tukaruhusiwa tuondoke.

Basi kipindi cha saa mbili kimekwenda wapi? Maana huo ndio mtindo wenyewe, video ni ya kuukomboa muda wa darasani, na muda ule usipotumika hamna kilichogeuzwa, mzigo tu umehama kwake ukaja kwetu.

Kuna mwenzetu kajifungua, yuko kwao Micheweni, Pemba. Ndani kwao neti haishiki, anatoka na mtoto mgongoni mpaka chini ya mwembe wa jirani ndio ashike vistari viwili. Juzi kaingia kwenye kwizi ya dakika 15, kafika swali la nne neti ikakata, kurudi anaambiwa muda umekwisha, kapata 3 kati ya 20. Kampigia mwalimu, kaambiwa sistimu ndio imefunga. Sistimu gani jamani, si yeye ndiye aliyeipangia huo muda? Moodle hiyohiyo tunayotumia, yaani sistimu ya mtandaoni ya masomo na kwizi, mwalimu akitaka anamfungulia mwanafunzi mmoja nafasi ya pili, na ina programu ya simu ambayo unapakua masomo ukasoma bila ya neti. Yote yamo mule, hayataki pesa.

Na msinambie haya ni mambo ya Ulaya sisi hatuyawezi. Walioupa umaarufu mtindo huu ni walimu wawili wa kemia wa skuli moja ya mji mdogo Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, mwaka 2007, walianza kurikodi kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi. Asiyekuwa na intaneti kwao walimtilia video kwenye DVD au flashi akaondoka nayo mkononi. Marekani hiyo! Sisi wa kisiwani, umeme unakuja unaondoka, ndio tunaambiwa kila mtu ajitegemee na bando lake? Na kuna utafiti wa 2014 uliopitia mara karibu milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za masomo ya edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ukakuta watazamaji wanashikika dakika 6 hivi, baada ya hapo wanachoka. Dakika 6, mwalimu, sio 98.

Tunachotaka kinawezekana wiki hii hii. Video zikatwe vipande na zipunguzwe MB, atakayetaka sauti na noti tu apewe, kwizi ikae wazi siku mbili tatu, na darasani tukokotoe, mwalimu azunguke meza kwa meza aone tunapokosea.

Wa vyuo vyengine Unguja na Pemba semeni kwenu ikoje, na kama kuna mwalimu anasoma hapa naomba ajibu, mimi sitomvunjia heshima. Jumatano ijayo nakwenda na flashi yangu ya GB 16 mpaka mezani kwake kabla ya kipindi, nimuombe anitilie video zote, na ya mwenzangu wa Micheweni nimeshanunua, itapanda boti Ijumaa.