Eti kope za kubandika haziloweshwi wiki 2? Macho yananiwasha

ShostiTabata:
Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi iliyopita nilibandika kope za moja moja, elfu 35, kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu. Fundi akaniambia wiki 2 maji yasiguse macho, la sivyo zinadondoka zote. Nimetii. Naoga shingo kushuka chini, uso napangusa na kitambaa kama mgonjwa. Leo siku ya 6, na joto hili na jasho la daladala, pembeni kunaniwasha na asubuhi naamka na matongotongo. Jirani anasema nipake mafuta ya nazi. Mama anasema nizing'oe, eti kope zangu zenyewe hazitaota tena. Nimsikilize nani?

MtotoWaIlala:
Usizing'oe! Mimi nilizitoa kwa vidole huku naangalia tamthilia, moja baada ya nyingine. Nikawa naenda na miwani nyeusi hadi kanisani.

FundiKopeSinza:
Mdogo wangu, huu mwaka wa 8 nabandika kope Sinza, na hiyo ya wiki 2 bila maji ndiyo inayonipa hasira kuliko zote. Gundi yetu ni ya ukoo mmoja na supa gluu, na inakauka kwa unyevu wa hewa. Ndiyo maana masika natumia inayokawia kidogo, maana ile ya haraka inaganda kwenye kibanio kabla sijafikisha kope machoni. Mafundi wengi tunakuambia usiloweshe saa 24 za kwanza. Baada ya hapo osha kila siku! Jasho, vumbi, wanja na mafuta ya ngozi vyote vinakaa pale kwenye mizizi, ukingo wa jicho unavimba. Chukua sabuni ya povu ya uso isiyo na mafuta, pitisha taratibu kwa kidole kuelekea chini, suuza, kausha kwa kugusagusa, kisha chana na kibrashi.

Mafuta ya nazi acha kabisa. Gundi yanalegeza.

Mama mwambie kope zinaota, mradi mzizi haujaumizwa. Kinachoumiza ni kuvuta, kubandika nzito kuliko ukope wako, na fundi mvivu anayegandisha kope 2 za asili pamoja. Hazikui kwa mwendo mmoja, basi moja inamvuta mwenzake mpaka ang'oke.

Na jikoni kuwa makini. Mteja wangu alifunua sufuria la pilau kwenye mkaa, akaja kwangu kope zimejikunja kama nailoni iliyoguswa na pasi. Ni plastiki hizo, hata ukiuziwa kwa jina la minki, yaani manyoya ya mnyama.

Ila niambie: juu ya jicho pamevimba? Pekundu?

UmmuTemeke:
Na sisi tunaotawadha mara 5 kwa siku, dada?

FundiKopeSinza:
Maji ya udhu hayaziharibu. Kama gundi inazuia maji kufika, hilo la fiqhi si langu, muulize sheikh kabla hujalala kwenye kitanda changu. Nina wateja wanaobandika siku zao za hedhi tu, zikiisha wanakuja natoa.

ShostiTabata:
Hapajavimba, da fundi. Ni muwasho na utongo tu.

FundiKopeSinza:
Basi anza na kuosha, jipe siku 2. Ukiona panavimba na muwasho unazidi, huenda gundi imekukataa, na hilo linampata hata aliyebandika miaka bila shida. Hapo rudi zitolewe kwa dawa yake, usisubiri sendofu. Jicho lenyewe likiuma au ukiona ukungu, usije kwangu, nenda CCBRT pale Msasani au hospitali yoyote ya macho.

ShostiTabata:
Nimeosha jana na leo. Maji ya kwanza yalitoka meusi, nimeona aibu peke yangu bafuni. Muwasho umepungua sana. Ila kope 3 zimedondoka kwenye beseni, na kila moja ina kinyweleo changu chini yake. Moyo umenidunda!

FundiKopeSinza:
Hizo muda wake ulikuwa umefika, hata bila gundi zingedondoka. Kila siku tunapoteza chache, ila zikiwa fupi nani anaziona? Wiki ya tatu uje nikujazie mapengo. Na uje umeoga uso.