Vermentino di Gallura inaendana na misosi gani?

Mpishi_Mgeni: Habari wakuu. Nipo Olbia, Sardinia, kuna familia imenikaribisha na mi nimejitolea kupika Jumamosi. Nimeshanunua Vermentino di Gallura, ile waini nyeupe ya hukuhuku, lebo imeandikwa DOCG halafu Superiore. Nawaza nianze na bottarga, nifuate fregola (tambi zao za punje ndogondogo) ya kome, nimalizie na jibini na seadas, zile maandazi za jibini wanazozimwagia asali. Je chupa hiyohiyo inabeba mlo mzima? Na hiyo Superiore ni mbwembwe za bei au kuna tofauti ya kweli? Msinicheke, kwenye waini mi najua kuiweka friji tu hadi ikae barafu 😅

Kizibo: Superiore sio mbwembwe mkuu. Kwa kanuni zao ile ya kawaida inaanzia alkoholi asilimia 12, Superiore inaanzia 13, kwa hiyo mdomoni ni nzito zaidi na kwenye fregola utaona faida yake, maana zile punje zimechomwa oveni na zina kaharufu ka kuungua ambako waini nyepesi inazidiwa. Zabibu yenyewe lazima iwe Vermentino asilimia 95 kwenda juu. Gallura ni huko kaskazini mashariki ulipo, ardhi ni mchanga wa mawe ya granaiti na upepo wa maestrale haupoi, ndo waini ikatoka na ile hali ya kama chumvichumvi na mwisho kauchungu ka lozi. DOCG, yaani daraja la juu kabisa la waini za Italia, walipewa 1996 na Sardinia nzima hawana nyingine. Ukikuta imeandikwa Vermentino di Sardegna, hiyo inaruhusiwa kutoka popote kisiwani, mara nyingi ni nyepesi, hiyo ndo ya kumwaga kwenye sufuria, Superiore iache kwenye glasi jamani.

Kome wakishafunguka watoe, yale maji yao yachuje kwa kitambaa maana yana mchanga, kisha yarudishe kwenye fregola. Chumvi usiguse kabla hujaonja.

Na hiyo barafu acha kabisa 😂 nyuzi 10 mpaka 12 zinatosha. Ikizidi baridi harufu inajificha unabaki na uchungu peke yake.

MamaZeituni: Namuunga mkono Kizibo, naongezea kwenye bottarga. Yale ni mayai ya mkizi yaliyotiwa chumvi yakakaushwa, kwa hiyo kata vipande vyembamba mpaka uone mwanga unapenya, mafuta ya zeituni juu, weka kwenye pane carasau, ule mkate wao mwembamba mkavu, basi. Limau usimwage mwanangu, waini inayo asidi yake tayari. Upande wa Cabras, magharibi mwa kisiwa, wengi wanapenda kunywa waini yao ya Vernaccia di Oristano na bottarga, lakini Vermentino nayo haikuangushi.

Jibini chukua pecorino changa, ile ya maziwa ya kondoo. Ile iliyokomaa ikawa kali inaifunika waini yote.

Seadas hapo ndo nakukatalia. Asali ikiingia mdomoni halafu ukapiga funda la Vermentino utahisi umekunywa siki. Tafuta waini ya Moscato ya hukohuko iliyo tamu.

Kizibo: @MamaZeituni hata asali ya corbezzolo? Ile si chungu

MamaZeituni: Chungu ndiyo, ila bado ni asali. Uchungu juu ya uchungu wa nini sasa 😄

Mchunga_Kondoo: Mbona mmeng'ang'ania baharini tu? Gallura ni watu wa mifugo tangu zamani. Sahani yao kubwa ni suppa cuata, mkate mkavu unapangwa tabaka kwa tabaka na jibini, unamwagiwa supu ya nyama unaingia oveni mpaka juu kuwe kahawia, na Superiore inakata yale mafuta vizuri mno. Mi hata porceddu, yule nguruwe mchanga wa kuchoma, nainywea hiyohiyo, najua wengi watasema waini nyekundu ya Cannonau, waseme tu.

Kizibo: Porceddu ni Cannonau, hapo hatutaelewana mkuu. Suppa cuata sawa.

Mpishi_Mgeni: Asanteni sana aisee. Basi nyeupe inaishia kwenye pecorino changa, seadas nachukua Moscato. Ila hii suppa cuata imeniteka, naweza kuipanga asubuhi nikaichoma jioni?

Mchunga_Kondoo: Panga mkate na jibini tu, supu mwaga ya moto dakika za mwisho kabla ya oveni, ukiimwaga asubuhi jioni utakuta uji.

Mpishi_Mgeni: 😂 Nimekupata mkuu.