Mtaa unapangwa upya na barabara inapanuliwa: nafasi ya mkazi ni ipi, na ni wakati gani?

Mkazi wa Bondeni (Kigoma)

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa mipangomiji na ujenzi wa barabara. Mtaa wetu uko pembezoni mwa Manispaa ya Kigoma Ujiji, upande wa Gungu, kwenye mteremko ambao zamani ulikuwa mashamba ya michikichi na mihogo na ambao sasa umejaa nyumba, kila mtu akiwa amejenga kwa kadiri alivyouziwa. Mambo mawili yametufikia kwa pamoja: urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima mtaa uliokwisha kujengwa ili wakazi wapate hati, ambao wengi tuliusubiri kwa hamu, na upanuzi wa barabara ya vumbi inayokatiza mtaa, ambayo tumeambiwa itawekwa lami na mitaro.

Gari la matangazo lilipita jioni, na mkutano ukafanyika kesho yake asubuhi, saa ambayo watu wengi wako sokoni au mwaloni. Mchoro ulibandikwa ukutani, lakini ulikuwa kwenye karatasi ndogo kiasi kwamba aliyesimama safu ya tatu hakuona hata nyumba yake iko wapi. Tulisaini karatasi iliyozungushwa, tukaondoka. Sasa tunasikia kwamba wananchi walishirikishwa na wakaridhia. Mstari wa barabara mpya unaelekea kula upande wa bonde peke yake, wakati upande wa juu, wenye nyumba za uzio, hauguswi. Huenda ipo sababu ya kihandisi, lakini hakuna aliyetueleza.

Sipingi barabara. Mvua zikianza, bodaboda hutoza nauli mara mbili kupanda kwetu, na wengine hukataa kabisa. Ninachotaka kujua ni nafasi ambayo sheria inampa mkazi wa kawaida, na kama wakati wa kuitumia umeshapita.

Mchora Ramani

Ndugu Mkazi, kwanza tenganisha mambo hayo mawili, kwa sababu yana njia tofauti ingawa yanakutana kwenye ardhi ileile. Upangaji wa mtaa unaongozwa na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, na mamlaka ya upangaji ni halmashauri yenu. Sheria hiyo, inapozungumzia mpango wa jumla wa mji, inaitaka mamlaka iitishe mkutano wa wenye ardhi, taasisi za umma na za binafsi pamoja na vikundi vya jamii vya eneo husika, na izingatie maoni yao kabla ya kuendelea. Kwenye urasimishaji huwa inaundwa pia kamati ya wakazi wenyewe, ambayo kazi yake ni kupita na wataalamu nyumba kwa nyumba, kukubaliana na majirani kuhusu mipaka na kuamua njia zitapita wapi. Kama kamati hiyo haipo mtaani kwenu, au ipo lakini hakuna anayejua wajumbe wake, anzeni hapo.

Swali lako la wakati ndilo kubwa zaidi. Ulizeni mchoro umefika hatua gani. Rasimu ya mchoro inabadilika kwa penseli. Mchoro uliopitishwa na vikao vya halmashauri na kuidhinishwa rasmi unabadilika kwa barua na miezi mingi, na ukishafuatiwa na upimaji, bikoni (alama za mipaka ya viwanja) zikachimbiwa na ramani ya upimaji ikaidhinishwa, kusogeza njia kwa mita 3 kunakuwa kesi nzima. Wakazi wengi huamka bikoni zinapoonekana, kwa kuwa hapo ndipo mambo yanaposhikika kwa mkono, na kwa bahati mbaya ndipo pia yanapokuwa magumu kugeuza.

Kuhusu karatasi mliyosaini, ombeni muhtasari wa mkutano na nakala ya karatasi yenyewe, kisha msome kichwa chake. Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Haisemi kwamba ulikubali.

Kijana wa Ipuli (Tabora)

Naungana na Mzee Mchora Ramani, na naongeza yaliyotokea kwetu hapa Tabora, kwa sababu nadhani mnaweza kuyaiga.

Kwetu barabara ya mtaa ilipotaka kuinuliwa, tulikwenda mkutanoni na malalamiko ya jumla, kwamba tunaonewa na hatukusikilizwa. Wataalamu walitusikiliza kwa adabu na hakuna kilichobadilika. Safari iliyofuata tulikwenda kwa namna nyingine. Vijana walipita njia yote kwa mguu wakiwa na wazee wawili wanaoujua mtaa tangu ulipokuwa pori la miombo, wakaandika kila mahali maji yanapokatiza masika, yanatoka kwa nani na yanaingia kwa nani, na ukuta upi una alama ya tope kufikia usawa gani. Tukachora mchoro wetu wa mkono, wenye miembe, visima na choo cha shule, tukaubandika kando ya wa wataalamu.

Mhandisi alisimama hapo muda mrefu. Kwenye mchoro wake kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara, ilikuwa imewekwa mahali panapoonekana pa chini kwenye ramani, lakini maji yenyewe yalikuwa yameshahama njia tangu mtu mmoja alipojenga ukuta wa mawe. Kalavati ikasogezwa. Mtaro uliokuwa umwage maji kwenye viwanja vinne ukarefushwa hadi kwenye korongo. Hatukupata yote, maana miembe mitatu mikubwa ilikatwa na kituo cha daladala kilibaki mahali tusipopataka.

Nyinyi wa Kigoma mna vilima na udongo mwekundu unaomeguka, kwa hiyo suala la maji kwenu ni zito kuliko letu. Mtaro wa lami unakusanya maji ya mteremko mzima na kuyatoa kwa nguvu mahali pamoja, na asipoulizwa mkazi wa chini, baada ya misimu michache ana korongo uani. Wakazi wa kandokando ya bwawa la Katubuka, hapo kwenu Kigoma, wanajua maji yasiyo na pa kutokea yanavyoingia sebuleni.

Mfanyabiashara wa Mwanga

Naomba niseme lisilopendeza. Ushirikishwaji mnaousifu nimeuona pia ukiua mambo. Mtaani kwetu tulipoombwa kila mmoja aachie kipande kidogo ili njia ipitike, kila jirani alikuwa na sababu kwa nini njia ipite kwa mwenzake, mmoja akasimamisha ukuta usiku ili ukutwe umeshakuwa "jengo". Mikutano ilifanyika hadi watu wakachoka kuhudhuria. Leo gari la zimamoto haliwezi kuingia, na maiti tunaitoa kwa kuibeba begani mpaka barabarani.

Ndugu Mkazi, kabla ya kumhoji mhandisi kwa nini upande wa juu hauguswi, hojini pia wa bondeni wako tayari kuachia nini.

Mama Mawese

Mwanangu wa Mwanga, unayosema ni kweli, lakini mtu huachia kwa moyo anapoona jirani yake naye ameachia na anapojua atalipwa nini. Kinachowafanya watu wajenge ukuta usiku mara nyingi ni woga.

Mimi nasemea wale ambao hawamo kwenye mikutano hii kabisa. Mkutano wa mipango huita wenye viwanja. Mpangaji mwenye chumba kimoja, mama lishe mwenye kibanda kando ya njia na kijana anayetengeneza baiskeli chini ya mti hawana kiwanja, lakini barabara ikipanuliwa wao ndio wa kwanza kuondoka, na mwenye nyumba akishapata lami mlangoni anapandisha kodi. Baadhi ya miradi ya miundombinu ya miji yetu, ukiwemo ule wa TACTIC unaohusu miji 45, inafadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na masharti yake yanataka hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi alipwe mali yake iliyo juu ya ardhi hiyo na asaidiwe kuhama, tena kuwepo na utaratibu wa kupokea malalamiko. Kwa hiyo ulizeni fedha za barabara yenu zinatoka wapi, kwa sababu jibu lake linabadilisha haki zenu.

Jambo jingine ni michikichi. Mthamini, yule anayekadiria thamani ya mali kwa ajili ya fidia, akipita haraka huandika "miti" na kuendelea. Simama naye, mwonyeshe upi unazaa, upi ni mchanga na upi umezeeka, uhakikishe kila mmoja umeandikwa kabla hujatia saini kwenye fomu. Mchikichi unaozaa ni ada ya shule ya mtoto, na ukishang'olewa hakuna wa kukumbuka ulikuwa na mikungu mingapi.

Mchora Ramani

Mama ameeleza vizuri, nami nikamilishie upande wa fidia. Kanuni za mwaka 2001 zilizo chini ya Sheria ya Ardhi zinataka fidia ihesabu thamani ya ardhi kwa bei ya soko na maendelezo yaliyopo, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi, na upotevu wa faida kwa mwenye biashara. Posho ya makazi huhesabiwa kwa kodi ya soko ya miezi 36. Malipo yakicheleweshwa, sheria inatambua riba.

Ulizeni pia daraja la barabara, yaani iko kwenye kundi gani. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi, yaani upana wa ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa kihalali ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa kabla ya sheria hiyo anastahili fidia ardhi yake inapohitajika, na ndiyo maana mnaona nyumba nyingine zikiwekwa alama ya X ya kijani, yaani za kulipwa fidia, na nyingine nyekundu, zisizolipwa. Barabara yenu, kwa maelezo yako, inaonekana kuwa ya mtaa, ambayo kwa kawaida iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na vipimo vyake ni vidogo zaidi. Msikubali kuambiwa habari ya mita 30 kabla ya kuonyeshwa daraja lake kwa maandishi.

Kwa nini wanakula upande mmoja? Sababu halali zipo: nguzo za umeme, bomba kuu la maji, au mwamba. Lakini sababu halali huandikwa kwenye ripoti ya usanifu, na mna haki ya kuiuliza.

Mkazi wa Bondeni (Kigoma)

Nawashukuru wote, na wewe wa Mwanga pia, maneno yako nimeyapeleka mtaani kama yalivyo. Nimeiona karatasi: kichwa chake kinasema "mahudhurio". Mchoro bado ni rasimu, haujapelekwa kwenye vikao. Jumamosi tunapita njia yote kwa mguu pamoja na mwenyekiti wa mtaa na wapangaji, na wenye viwanja wa pande zote mbili wameombwa waje wakiwa wameshaamua kila mmoja anaweza kuachia mita ngapi. Wa upande wa juu wawili wamekubali kuja.

Swali la mwisho: maoni yetu tuyapeleke kwa mdomo kikaoni au kwa barua, na yapitie kwa nani?

Mchora Ramani

Kwa barua, pamoja na mchoro wenu na majina ya waliopita njia hiyo. Ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kwenda kwa mkurugenzi, na nakala kwa diwani, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa kwenye kikao. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani.