Nyota ya ncha nane kwa mabaki ya leso: niiunge vipi?

Assalamu alaikum mafundi, naomba ushauri kutoka Lamu. Kuna mfarishi wa viraka nataka kuufuatisha kwa mabaki ya leso. Kila pande la mraba lenye nyota moja lina inchi 12 kwa upande, na miraba ya kwenye kona zake ina inchi 3½. Ingekuwa 3 kamili, yaani robo ya 12, ningesema ni pembetatu zilizounganishwa mbilimbili. Tena hakuna mshono unaokata ncha katikati. Kwa hiyo naona ni vipande 8 vya umbo la uru, lile la karata, vya digrii 45, miraba 4 na pembetatu 4 za kuingizwa katikati ya ncha.

Tabu ni kitovu, kinatuna. Kila uru ukizidi digrii 1 tu, vyote vimezidi 8, na nguo haina pa kwenda. Halafu ukingo uliokatwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, huvutika, na leso nyepesi ndiyo mbaya kabisa, hata ikitiwa wanga.

Je, ili kuingiza miraba na pembetatu baina ya ncha, mwakomesha mshono robo inchi kabla ya ukingo, ama mwagawa miraba na pembetatu nusu kwa nusu ili mishono yote inyooke? Nachelea mshono wa ziada utakata maua ya pindo. Na pale kitovuni, mwalaza mishono upande mmoja kwa pasi au mwaifungua?