Naomba ushauri: kuonyesha dokumentari mtaani

Habari zenu wakuu.

Niko Chicago, mtaa wa Pilsen, na majirani zangu wengi asili yao ni Meksiko. Kwa mwezi wa urithi wa Kilatino (15 Septemba hadi 15 Oktoba) wamenitwika kazi ya projekta, eti mimi ndiye fundi! Tunataka kuonyesha dokumentari ya 2017 kuhusu Dolores Huerta, mama aliyepigania vibarua wa mashamba ya zabibu California. DVD ninayo. Shuka jeupe tumelijaribu ukutani, linafaa giza likishaingia. Wasambazaji nimewaandikia kuhusu kibali, wiki ya pili sasa kimya.

Kwa aliyewahi kuandaa: kama hakuna kiingilio, kibali bado kinahitajika? Na bibi wasiojua Kiingereza, niwatafutie maandishi ya Kihispania au mtu awatafsirie papo hapo?