Naomba ushauri: kufika magofu ya Tulum bila kulevywa na bahari

Wakuu, habari zenu. Mimi na mama tunasafiri kwa meli ya kitalii itakayotia nanga kisiwa cha Cozumel, Meksiko. Mama ameweka moyo wake wote Tulum, ule mji wa Wamaya wenye kuta, juu ya jabali linalotazama bahari. Shida ni njia: feri kama dakika 45 hadi Playa del Carmen, upande wa bara, kisha basi karibu saa nzima, na kurudi hivyo hivyo.

Meli kubwa anaivumilia, chombo kidogo ndicho kinachomlevya. Safari moja alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, jasho jembamba likimtoka, akatapika mpaka nyongo. Tulipofika hakuweza hata kutembea. Iliniuma sana.

Kukaa katikati ya chombo na kutazama mbali nakujua. Vidonge vya meclizine, vya kuzuia kichefuchefu cha safari, vinamlaza, na kule kuna jua na kutembea. Kuna aliyembandika mzee plasta ya scopolamine, dawa ya kichefuchefu hicho hicho, ile ya nyuma ya sikio? Ilimkaaje? Daktari tutamwona, ila nataka kusikia waliopitia.

Au tungoje meli ifike bandari ya Costa Maya, twende magofu mengine ya Wamaya, ya Chacchoben, kwa basi tu? Mama bado anasema Tulum.