Iafoni (za kuchomeka sikioni) za elfu sabini na hedifoni (za kichwani) za laki kadhaa, zipi zimekupa raha? Tupeane uzoefu

Mleta Uzi
Wakuu, habari za Jumapili. Jana jamaa yangu prodyuza kanivalisha hedifoni zake, Sennheiser HD 600, zile zenye wavu pembeni. Nilijiandaa kulia machozi. Na kweli mwimbaji alisimama mbele yangu, kinanda kule, ngoma huku, kila kitu na nafasi yake. Ila besi nikawa naitafuta. Nikarudi geto nikachomeka Moondrop Chu zangu nilizoagiza China, na usafiri humo humo hazikufika elfu sabini. Wimbo uleule. Jamani, gitaa la besi lilitembea noti moja baada ya nyingine, nikawa najicheka mwenyewe. Sasa wenye kuzijua mtuambie, laki zote zile za hedifoni zinalipia nini? Na mwenye laki tatu mkononi afanyeje? Leta yaliyokukuta.

Mzee wa Besi
Naunga mkono hoja. Za kichwani ni za kupigia picha.

Fundi Mitambo
Mzee wa Besi usipotoshe watu. HD 600 zimetoka 1997 na mpaka leo kuna watu wanazitumia kukagulia miksi za nyimbo zao. Ukinzani wake ni ohm 300, zinataka kifaa chenye nguvu cha kuzisukuma. Mleta Uzi, ulizichomeka wapi? Kama ni kwenye simu, hukuzisikia, ulizisalimia tu.

Halafu suala la besi. Zile ziko wazi nyuma, hewa inapita, kwa hiyo mtikisiko wa chini kabisa unavuja. Iafoni inaziba tundu la sikio, hewa iliyobaki mle ndani ni kiduchu, spika ya milimita 10 inaisukuma bila jasho. Ndiyo maana kitu cha dola 20 kinashuka chini kuliko kitu cha dola 300. Hakuna muujiza hapo, ni kizibo. Legeza kile kimpira cha kwenye ncha ya iafoni kidogo tu uone besi itakavyokukimbia.

Mleta Uzi
Nilichomeka kwenye kadi ya sauti ya studio mkuu, siyo simu.

Fundi Mitambo
Hapo sawa. Basi umezoea besi ya kizibo, hilo nalo ni ugonjwa.

Ukhti Mwandishi
Sisi wavaa hijabu mnatusahau kila siku. Kazi yangu ni kuandika mahojiano yaliyorekodiwa, nashinda na sauti za watu masikioni tangu asubuhi. Ofisi ilinipa hedifoni za kufunika sikio. Kitambaa kikikaa katikati, ile sponji haikamati, sauti inakuwa nyembamba, mzee akiongea kwa kunong'ona humsikii. Ukiongeza sauti, jirani wa meza ya pili anasikia mahojiano ya siri. Joto la Dar mwezi wa pili mnalijua. Jasho likafanya ile ngozi ya sponji ibanduke magamba meusi, natoka kazini hijabu nyeupe ina madoa kama nimelalia gunia la mkaa.

Nikanunua iafoni za waya za bei ya kawaida, waya unapita nyuma ya sikio, hijabu juu yake. Kunong'ona nasikia, pumzi nasikia, mpaka mhojiwa akimeza mate. Tatizo ukigeuka ghafla waya unavutwa na kitambaa. Ila sirudi nyuma.

Msee wa Nai
Sasa hapo kwa magamba umenikumbusha. Mimi nilienda Luthuli Avenue hapa Nairobi nikauziwa hedifoni za jina kubwa, sanduku safi kabisa, karatasi ya waranti ndani. Besi ilikuwa inagonga mpaka meno. Siku upande mmoja ulinyamaza nikazifungua na bisibisi. Ndani kuna kipande cha chuma kimebandikwa na gundi ili zihisi nzito mkononi! Spika yenyewe ilikuwa ile ya redio ya kuchezea. Nilicheka kwanza, hasira zilikuja baadaye.

Mzee wa Besi
Ila si ulisema besi ilikuwa inagonga? Ulikuwa na shida gani sasa.

Kinanda
Nilikuwa nasoma kimyakimya ila hapo kwenye kimpira Fundi amenifufulia maumivu. Kaeni vizuri.

Napiga kinanda kwaya ya kanisani. Jukwaani kwetu spika zote zinatazama waumini, wewe unasikia ngoma na kelele za mwimbaji aliye nyuma yako. Mwenzangu mmoja akanishawishi ninunue iafoni za kuchomeka kwenye miksa, akaniambia wanamuziki wa nje wote ndivyo wanavyofanya. Nikanunua kwa elfu arobaini na tano. Nisizitukane, sauti ilikuwa nzuri, kwa mara ya kwanza nilijisikia ninachopiga.

Mkesha wa Pasaka. Kanisa limejaa mpaka nje. Katikati ya wimbo mwalimu wa kwaya ananipa ishara, sielewi, nikachomoa iafoni ya kulia nimsikilize. Iafoni ikatoka. Kimpira kikabaki ndani. Sikio limeziba kabisa, najisikia mapigo ya moyo, najisikia nikimeza mate, ila kwaya naisikia upande mmoja tu. Nikapiga hivyo hivyo mpaka misa ikaisha, nimeinamisha shingo, watu wakadhani nimeguswa na Roho.

Nyumbani, saa nane usiku, mke wangu ameshika tochi ya simu mdomoni na pini ya nywele mkononi. "Nakiona, tulia." Akakigusa. Kikaingia zaidi. Jirani akaamka kwa makelele yangu, akasema mimina mafuta ya nazi kitateleza chenyewe. Nikalala ubavu, wakamimina. Kimpira hakikuteleza, sasa nikawa na kimpira na mafuta. Asubuhi hospitali, kijana wa kwanza akajaribu na koleo, koleo linateleza kwa sababu ya yale mafuta, mimi nashika kitanda kwa mikono miwili. Ndipo akaitwa daktari wa masikio. Mama mmoja mtulivu, akavaa taa kichwani, akanyonya mafuta kwanza, kisha akapitisha ndoano nyembamba nyuma ya kimpira, akavuta. Dakika haikuisha. Akanionyesha kwenye kisahani: kimpira cheusi, kidogo, hata aibu.

Bili laki moja na kitu. Iafoni elfu arobaini na tano. Mkipiga hesabu za gharama humu, na hiyo iwekeni.

Ukhti Mwandishi
Subhanallah. Pole sana kaka.

Msee wa Nai
Ati wakadhani ni Roho 😂 Pole buda.

Mdau wa Mwanza
Pole mkuu. Dawa rahisi, unaweka tone la supa gluu kwenye njiti ya kiberiti, unagusa kimpira, unahesabu mpaka kumi, unavuta.

Nesi
Mdau wa Mwanza futa hiyo. Kuna mtu atasoma saa nane usiku akiwa na gundi ndani. Kitu kikikwama sikioni usichokoe, usimimine chochote, nenda kwa wenye vifaa. Watu wanakuja wameshatoboa ngoma ya sikio kwa pini.

Na mkiwa mmenisikiliza: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha ukubwa wa sauti, desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha desibeli 3 tu, muda unakatika nusu, 83 ni saa 20. Ndani ya daladala mtu mwenye iafoni isiyoziba anapandisha mpaka mwisho ili kuishinda injini na konda. Inayoziba vizuri unasikiliza kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo faida, siyo besi.

Mdau wa Mwanza
Nilikuwa natania dada.

Nesi
Ukizibuliwa gundi sikioni siku moja hutatania.

Kizazi Kipya
Waya tena? 2016 iPhone 7 ilishatoa tundu la jeki, nyie bado mnafungua mafundo mfukoni. Chukua za bluetooth maisha yaende.

Kinanda
Jaribu kupiga kinanda na bluetooth. Unabonyeza leo unasikia kesho.

Kizazi Kipya
Wangapi humu wanapiga kinanda?

Fundi Mitambo
Kwa kusikiliza tu, bluetooth haina neno. Ila elfu sabini ya waya yote imeingia kwenye spika, elfu sabini ya bluetooth imegawana na betri, chaji, chipu na kile kikasha. Betri ikichoka unatupa vyote. Simu isiyo na tundu, tafuta adapta. Ile ndogo ya Apple ya Type-C kwao ni dola 9 na inatoa sauti safi, ila kwenye Android nyingi inatoka sauti ndogo, ulizia kabla. Na Kinanda mwenzako hakukudanganya: fundi wa sauti Jerry Harvey alitengeneza iafoni za jukwaani mwaka 1995 kwa ajili ya Alex Van Halen, mpiga ngoma wa bendi ya Van Halen, kwa sababu hiyo hiyo ya kelele za jukwaani. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya iafoni ya Ultimate Ears.

Kinanda
Alex kimpira chake hakikubaki ndani lakini.

Prodyuza wa Chumbani
Nimechelewa. Mimi nafanya singeli, nina vyote viwili. Hedifoni ni DT 770 Pro za Beyerdynamic, za ohm 80, nilizipata mkononi kwa mtu. Nilikuwa namiksi kwa iafoni, besi naisikia tele, naipunguza, naipunguza, kwenye spika za sherehe wimbo unatoka mkavu kama tangazo la redio. Kwenye 770 kichwa kinapata hewa kidogo, na mchana kutwa sikio halichoki. Sponji zikiisha unaagiza nyingine. Waya ndio hauchomoki, ukikatika unampelekea fundi redio aunge kwa risasi, wangu umeshaungwa na unadunda. Hizo laki zinalipia hivyo: nafasi, kukaa, na vipuri. Sauti tupu, iafoni za siku hizi zimezibana hedifoni vibaya sana.

Mleta Uzi
Kwa hiyo laki tatu?

Prodyuza wa Chumbani
770 za mkononi, kagua waya pale jeki inapoingia, pindapinda huku muziki unapiga.

Ukhti Mwandishi
Iafoni zenye waya wa kuchomoka, hela nyingine kaa nayo.

Msee wa Nai
Chochote, lakini enda na bisibisi.

Mzee wa Besi
Kinanda, zile iafoni bado unazo? Mimi vimpira ninavyo, saizi kubwa.

Kinanda
Zipo droo ya chini, mke hataki kuziona. Elfu ishirini na tano, maongezi yapo. Njoo PM, Nesi asituone.